Kichefuchefu cha Safari Kisianzie kwenye Vidonge

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Tunduma kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya husafiri takriban kilomita 100 kupitia Vwawa, Mlowo na mlima Senjele. Wapo wanaofika wakiwa wametapika njiani, pengine pamoja na dawa walizomeza alfajiri. Wapo pia wanaoiogopa safari hiyo hata wakaikosa kliniki inayofuata. Hata hivyo, kichefuchefu cha safari bado huchukuliwa kuwa udhaifu wa msafiri, au jambo la kumalizwa kwa kidonge.

Chanzo chake ni ubongo kupokea habari zinazopingana. Sikio la ndani huhisi basi likipinda na kuyumba, ilhali macho yaliyoinamia simu huona kitu kilichotulia. Kwa mtu aliyevaa miwani ya uhalisia pepe mgongano hugeuka: macho huona mwendo, mwili umekaa kitini. Wataalamu wa miwani hiyo wametafuta kuzipatanisha hisia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliweka picha ya pua katika mandhari ya miwani ili macho yapate kitu kisichosogea, na watumiaji wakastahimili muda mrefu zaidi. Wengine wamepunguza adha kwa kupuliza upepo usoni.

Somo hilo linafaa pia katika stendi ya Tunduma. Abiria aketi mbele, atazame mbali barabarani, aweke simu mfukoni, aegemeze kichwa, na dirisha lifunguliwe kidogo. Dereva ni nadra kutapika kwa sababu huijua kona kabla ya kuifikia. Abiria anayeitazama barabara hupata sehemu ya faida hiyo.

Dawa zina nafasi yake. Lakini promethazini huleta usingizi: haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2, wala kwa dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde.

Ni kweli kwamba foleni za wagonjwa ni ndefu. Lakini swali moja halichukui muda: je, mgonjwa hutapika safarini? Akikiri, aelekezwe namna ya kuketi na kutazama, na aambiwe la kufanya iwapo atatapika dawa zake. Maelekezo hayo yatolewe pamoja na barua ya rufaa, kwa kuwa matibabu ya Mbeya humfaa tu mgonjwa anayekubali kusafiri tena.