Choo si Kuta na Mlango Pekee

Juma hili twawaalika tuvuke bahari hadi Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini.

Mji huo umejengwa juu ya vilima. Mafukara wengi wamesongamana mabondeni, palipokuwa mashamba ya mpunga karibu na mto Ikopa. Huko maji ya ardhini hayako mbali, na achimbaye shimo la choo huyakuta upesi. Zijapo mvua, kati ya Novemba na Aprili, mashimo hufurika na uchafu ukaingia nyuani na katika mifereji. Mafuriko ya Januari 2022, wakati wa dhoruba ya Ana, yaliwahamisha maelfu ya wakaazi.

Mzigo huo humwangukia mama kwanza. Ndiye atekaye maji bombani, ndiye auguzaye mtoto anayeharisha. Na choo kikishirikiwa na nyumba kadhaa, humlazimu kungoja giza liingie ili apate sitara.

Kwa hivyo, kuongeza mashimo katika ardhi kama hiyo ni kuongeza maradhi. Njia iliyojaribiwa huko, na ambayo sisi twaiona ni ya busara, ni choo kisicho na shimo. Uchafu huhifadhiwa katika chombo kilichofungwa. Wahudumu hukichukua kwa zamu na kuacha kingine kisafi. Kisha hupelekwa mtamboni, ukatoa gesi na mbolea.

Lakini huduma hiyo ina ada, na siku ada ikikosekana chombo hakichukuliwi. Ndiyo maana twasema baraza la mji lapasa kuchangia gharama, kama lichangiavyo barabara. Uchafu wa jirani asiyeweza kulipa hauishii mlangoni pake. Mvua huuleta kwa kila mtu.

Nasi wa Mwambao tusijione tuko mbali. Katika mitaa yetu mingi kisima na shimo la choo hukaa hatua chache baina yao. Tuulize nyumbani: shimo letu lilitapishwa lini, na uchafu ulimwagwa wapi? Mpaka jawabu lipatikane, maji ya kisima yachemshwe kabla hayajanywewa, hasa na watoto.

Tukutane juma lijalo, inshallah.