Mkataba usioeleweka ni hasara kwa mkulima

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, wakulima na wafanyabiashara wadogo nchini hutia saini karatasi nyingi. Kuna mikataba ya mikopo, fomu za pembejeo na makubaliano ya kuuza mazao. Wengi wao wanajua kusoma na kuandika. Tatizo ni kwamba kilichoandikwa hakieleweki, na gharama ya kutoelewa humwangukia aliyetia saini.

Tuchukue mfano wa mkulima anayekopa Sh1,000,000 kwa ajili ya mbegu na mbolea, ili azirejeshe kwa miezi sita. Mkataba mmoja unasema riba ni asilimia 3 kwa mwezi ya kiasi cha awali cha mkopo. Mwingine unasema riba ni asilimia 3 kwa mwezi ya salio la mkopo. Ukiisoma haraka utadhani inafanana. Lakini kwa mkataba wa kwanza atalipa riba ya Sh180,000. Kwa ule wa pili, akipunguza deni kwa kiasi kilekile kila mwezi, riba yote itakuwa Sh105,000. Tofauti ni Sh75,000, fedha ambazo zingelipa vibarua wa palizi.

Mkataba ule wa kwanza ungeweza kuandikwa hivi: "Umekopa Sh1,000,000. Utarejesha jumla ya Sh1,180,000. Utalipa karibu Sh196,700 kila mwezi kwa miezi sita, kuanzia mwezi ujao." Hapo mkulima wa mahindi ataona pia jambo ambalo asilimia hazikumwonyesha, kwamba ataanza kulipa mahindi yakiwa bado shambani.

Hali ni hiyo hiyo kwa pembejeo. Mkulima anaelezwa atumie kilo 125 za mbolea kwa hekta, wakati yeye hupima shamba lake kwa ekari na hununua mbolea kwa mfuko. Angeambiwa mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, asingehitaji kuuliza tena. Kibandiko cha dawa kinasema mililita 50 kwa lita 20 za maji, naye ana bomba la lita 16. Anayestahili kufanya hesabu hiyo ni muuzaji, amwandikie mililita 40. Akikosea, ama wadudu hawafi, ama dawa inazidi kwenye mboga zitakazoliwa.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kubadili lugha peke yake hakutoshi, kwani Kiswahili nacho kinaweza kuandikwa kikafunga mlango. Wanakikundi wanaposoma kwamba "watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake", ni wangapi wanaojua kuwa wenzao wakishindwa kulipa, mmoja wao anaweza kudaiwa deni lote?

Wapo watakaosema kuwa maneno ya kisheria yanahitajika ili mkataba uwe na nguvu. Hatuwapingi. Tunachoshauri ni kwamba kila mkataba uwe na ukurasa mmoja wa mbele unaotaja, kwa maneno ya kawaida na kwa shilingi, kiasi kilichokopwa, jumla ya marejesho, tarehe za kulipa, dhamana iliyowekwa na kitakachotokea mkopaji akichelewa. Taasisi za fedha zisione kuwa huo ni msaada kwa mkulima tu. Mkopaji anayefahamu deni lake hujipanga kulilipa, na mteja aliyetumia dawa sawasawa hurudi dukani msimu ujao.

Kwa upande wao, wakulima na wafanyabiashara waache kuona haya kuuliza. Kabla ya kutia saini, uliza: nitalipa jumla ya shilingi ngapi, lini, na nikishindwa mtachukua nini? Majibu yaandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, nawe ubaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisa akishindwa kujibu maswali hayo matatu kwa maneno unayoyaelewa, rudi nyumbani na kalamu yako.