Kaka Hajawatupa

Columbus, Ohio

Wapenzi wa nyumbani Mombasa,

Mmenilalamikia kuhusu Kaka: simu hapokei, mchango wa harusi hakutoa, na Ami alipomwomba amchukulie mkopo wa kununulia tuktuk, akakataa kavukavu. Nawaandikia kwa idhini yake.

Ghala alilokuwa akifanya kazi lilipunguza watu. Kodi ya nyumba ikalipwa kwa kadi ya mkopo, kisha kadi yenyewe ikakosa wa kuilipa. Huku malipo yakichelewa siku 30, benki huweza kukuripoti kwa kampuni tatu za taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, na doa hukaa kwenye faili miaka 7. Katika faili hilo ndimo zinamotoka alama zako, kuanzia 300 mpaka 850. Msidhani ni kama CRB ya huko, ambayo mtu huikumbuka akitaka mkopo au kazi. Hapa mwenye nyumba hutazama alama kabla ya kukupa funguo, na hata bima ya gari hupanda zikiwa chini. Aliyeishiwa ndiye anayetozwa zaidi. Haki yake mimi sijaiona.

Sasa anajijenga upya. Ameweka amana ya dola 200 benki, akapewa kadi yenye kikomo hichohicho. Ananunulia petroli tu, ankara ikija anailipa yote. Bibi aliuliza habari ya riba, na swali lake lina akili kuliko ushauri wa vijana wa hapa wanaosema lazima ubakishe deni kidogo ili alama zipande. Uongo huo. Ukimaliza ankara yote kwa tarehe yake, manunuzi yako hayatozwi riba, na alama hupanda vilevile. Ila mkataba una kipengele cha riba kwa anayechelewa. Hilo Bibi awaulize masheikh, si mimi.

Kulipa kwa wakati ndiko kunakobeba uzito zaidi, asilimia 35 ya hesabu ya FICO. Asilimia 30 ni madeni, hasa umekula kiasi gani cha kikomo chako, ndiyo maana hafikii hata theluthi ya zile dola 200. Faili zake aliziomba bure, akakuta deni la simu lisilo lake, akalipinga kwa maandishi. Kwa kawaida sheria inazipa kampuni za taarifa siku 30 kuchunguza. Wanaojitangaza kufuta madoa kwa ada wanauza unachoweza kukifanya mwenyewe. Doa la kweli hakuna awezaye kulazimisha liondoke kabla ya muda wake.

Ami, mkopo ukiandikwa jina la Kaka, deni ni la Kaka hata tuktuk ikiwa Likoni. Ikikosa abiria mwezi mmoja, kazi yote hii inarudi nyuma.

Mchango wa harusi nidaini mimi, na dawa za Mama nitazituma. Kaka mpigieni Jumapili, hayuko kazini, na msianze na tuktuk.