Efekti za kuazima hazitoshi Nachingwea na Ruangwa

Fedha za mnada wa korosho zikishaingia, harusi huongezeka Nachingwea na Ruangwa, na wahariri wa video hupata kazi. Templeti zinazozunguka kwenye flashi zimetengenezwa mbali, kwa ajili ya watu wengine, ndiyo maana si ajabu kuona theluji ikimdondokea bibi harusi katika wilaya ambayo haijawahi kuiona. Tatizo si ubunifu wa vijana. Wamefundishwa kubonyeza vitufe vilivyopo, hawakufundishwa kuongeza vyao, ilhali programu wanazotumia zimeacha mlango wazi kwa makusudi. Adobe hutoa bure vifaa vya kuundia plagini, yaani nyongeza, za After Effects kwa lugha ya C++. DaVinci Resolve hupokea plagini za OpenFX, utaratibu ulioanza mwaka 2004 ili plagini moja ifanye kazi katika programu za makampuni mbalimbali. Blender, programu ya katuni na michoro ya 3D ambayo misimbo yake ilifunguliwa mwaka 2002 baada ya wapenzi wake kuchangishana euro 100,000, inaamrishwa kwa lugha ya Python, na Python yenyewe imo humo humo.

Chukua kazi ndogo kabisa: majina ya wanakamati mwishoni mwa video ya harusi. Mhariri huyaandika moja moja, hupanga ukubwa wa herufi, hukosea jina la mjomba, hurudia. Mistari michache ya Python ingeyasoma majina yote kutoka faili moja, ikayapanga na kuyapitisha kwenye kioo kwa mwendo ule ule, na jina likikosewa linasahihishwa kwenye faili tu. Kijana akishaandika hiyo, anaweza kuandika ya pili inayotumia nakshi za vinyago vya Kimakonde badala ya theluji. Hapo ndipo anapokuwa na kitu cha kuuza kwa wahariri wenzake. Hata leseni ya Blender haimkatazi kuuza nyongeza aliyoiandika, mradi masharti yake yafuatwe.

Nachingwea inapaswa kulielewa hili upesi kuliko wilaya nyingi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuhusisha Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliletewa hadi vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, yakaitwa Shervick. Ulipofutwa mwaka 1951, hasara ilikadiriwa kufikia pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na haraka zikiwemo, lakini moja inahusu hoja yangu: ufundi wa kukigeuza chombo ulikuwepo, ila ulifanyika Uingereza, mbali na udongo uliokuwa ukikishinda. Programu inaweza kugeuzwa hapa hapa, na anayejua inapokwama.

Watakaopinga wataanza na gharama. Kompyuta ni ghali, sikatai, lakini iliyopo studio tayari inatosha kuandikia Python. Blender ni bure, na maelezo yake yanapakuliwa mara moja yakasomwa bila intaneti. Wengine watasema Blender ni ya kujifunzia tu. Lakini filamu ya Flow, iliyotengenezwa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji kwa Blender, ilitwaa Oscar ya katuni bora mwaka 2025, ingawa nyuma yake kulikuwa na timu na bajeti, si mtu mmoja chumbani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wateja wenyewe wanaipenda theluji. Wanaipenda, ndiyo, lakini mteja huchagua katika alivyoonyeshwa, na hajaonyeshwa kingine. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, imethibitisha kwamba katuni ya Kiswahili inayozungumza na mtoto wa hapa hupata watazamaji.

Sera ya elimu, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Shule za Nachingwea na Ruangwa zitakazofundisha sanaa ya video zisimpime mwanafunzi kwa kutaja vitufe. Apewe kazi inayojirudia, kama hiyo ya majina ya wanakamati, aiandikie nyongeza inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mwenzake. C++ ije baadaye, kwa atakayeihitaji.