Sufuria ya shosho inatosha, wacheni kutishwa na mashine

Niseme hii kitu na msinikasirikie. Kila nikiweka picha ya kikombe changu cha asubuhi, lazima msee aulize, "Unatumia mashine gani?" Mashine gani, buda? Natumia sufuria na chujio ya chai.

Hii imani eti kahawa tamu ni ya watu wenye mashine ya bei ya pikipiki ni uongo, na unatuumiza. Shosho wangu amechuma kahawa Nyeri maisha yake yote. Inasafirishwa ng'ambo, wazungu wanaisifu, yeye anakunywa chai. Desemba nilimpikia kikombe cha kahawa ya huko kwao. Akaonja, akanyamaza, akauliza, "Kumbe ndiyo hii?" Hilo swali halijanitoka.

Sasa tuongee ukweli. Wikendi nilichukua kahawa moja, AB ya Nyeri, gramu 15 kwa mililita 250 za maji, nikaipika njia tatu.

V60, ile koni yenye karatasi, ilitoa kahawa safi zaidi, ule uchachu wa matunda unausikia kabisa. Nakubali, ilishinda. Lakini karatasi zinaisha, na ukimwaga maji vibaya umeharibu.

Frenchi presi ilitoa kahawa nzito, ya kujaza mdomo. Tamu.

Sufuria? Karibu sawa na frenchi presi. Na si miujiza: zote mbili kazi yake ni kuloweka kahawa kwenye maji moto, basi. Tofauti ni bei ya glasi.

Shida yetu ni kwamba tunachemsha kahawa kama mahindi. Ikitokota dakika kumi inakuwa chungu, halafu tunaongeza sukari vijiko vinne na kusema kahawa si ya watu wetu. Hapana. Chemsha maji, zima moto, ndiyo uweke kahawa, vijiko vitatu vya mezani kwa kikombe. Koroga, funika dakika nne, mimina polepole ukichuja. Kwisha.

Halafu kuna wale wa kipimajoto. Manze, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji yetu yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, ndani kabisa ya kile kipimo wataalamu wanataka, 90 hadi 96. Mlima umeshakupimia! Mko Mombasa, subirini kidogo yapoe, ingawa nyinyi mna kahawa chungu ya dele na tangawizi, hamhitaji mafunzo yangu.

Kama una pesa kidogo, usinunue birika la kupigia picha. Nunua kinu cha mkono na kahawa nzima iliyokaangwa juzi, usage ukitaka kunywa. Kahawa iliyosagwa miezi sita iliyopita haiokolewi na mashine yoyote duniani.

Najua mtaniambia kikombe kimoja hakitabadilisha malipo ya mkulima. Kweli, pekee yake hakitabadilisha. Lakini mkulima asiyejua ladha ya kahawa yake atabishana vipi na anayempangia bei? Na sisi wajukuu tukikunywa unga wa mkebe huku tukijiita nchi ya kahawa, tunamcheka nani?

Wikendi hii toa sufuria. Pikia mtu wenu aliyewahi kuchuma. Kisha uniambie alisema nini.