Aliyepewa Jembe Asinyimwe Mavuno

Jiji la Mwanza limekuzwa na wahamiaji. Tangu biashara ya sangara ilipopamba moto katika miaka ya 1980 na 1990, watu wa Usukumani, Ukerewe, Bukoba na Musoma wamemiminika humo kutafuta riziki, na wengi wakapata makazi ya gharama nafuu katika vilima vya mawe kama vile vya Igogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,772,509 mkoani Mwanza. Ile ya 2022 ikahesabu 3,699,872.

Palipo na msongamano hapakosi manung'uniko kwamba mpangaji aliyefika juzi anakula jasho la mwenyeji. Hapo ndipo ilipo hatari. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, huwategemea wananchi wenyewe kuzitaja kaya fukara mkutanoni. Mkutano huo ukigeuzwa kuwa baraza la kuulizana asili, mjane mhamiaji ataachwa, na mpango wenyewe utapoteza imani ya umma.

Tatizo hili si la Mwanza peke yake. Wachumi Alesina, Miano na Stantcheva, waliowahoji watu wa Marekani na nchi tano za Ulaya, walieleza mwaka 2018 kwamba wenyeji hudhani wageni ni wengi kuliko walivyo. Na kwamba kukumbushwa tu habari za wageni hupunguza moyo wao wa kuunga mkono misaada kwa maskini. Dhana, basi, hubomoa kuliko idadi.

Igogo yenyewe inatoa fundisho. Mabomba ya majitaka yaliyopitishwa katikati ya mawe yake hayachagui kabila wala tarehe ya kuhamia. Nyumba moja ikiachwa nje, uchafu wake huteremka kwa jirani na kuishia ziwani, ambako jiji zima huchota maji.

Dawa si kumfukuza mgeni. Watendaji wa mitaa hawana budi kutunza daftari la wakazi lisilo na mianya, na kuyasoma majina ya wanufaika hadharani pamoja na sababu zake. Walimu nao wana wajibu wa kueleza kwamba mhamiaji hulipa kodi ya chumvi na sabuni kama mwenyeji. Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi aliyekwisha kulishika jembe hilo ana haki ya kuhesabiwa siku ya mavuno.