Mchimbaji anayevuta sigara asaidiwe, asikaripiwe tu



Katika nyumba nyingi za Waislamu huku Shinyanga, Kahama na Geita, yupo baba, kaka au kijana anayevuta sigara. Akirudi kutoka machimboni hupokewa kwa maneno yale yale: haramu hiyo, tena inaua. Maneno hayo si uongo, na wanazuoni wengi wamekwisha toa hukumu yao juu ya jambo hili. Lakini ameyasikia mara mia na bado anavuta. Kwa nini?

Ni kwa sababu tunajua kumlaumu, hatujui kumsaidia.

Tutazame maisha yake. Kijana wa Nyarugusu, Rwamagasa au Mwakitolyo hukesha kwenye duara, pengine kwa mlo mmoja. Sigara huuzwa moja moja kibandani. Humsahaulisha njaa, humfukuzia usingizi, na wenzake wote wanavuta. Kisha nikotini iliyomo huufanya mwili uidai. Akikosa kwa saa chache kichwa humuuma na hasira humpanda. Huo si ukaidi, ni uraibu, na uraibu unahitaji tiba.

Na hatari yake ni kubwa kuliko ya mvutaji wa mjini. Vumbi la kuchoronga mwamba na la makarasha lina silika, ambayo huacha makovu katika mapafu na kuyadhoofisha mbele ya kifua kikuu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), uvutaji tumbaku nao huongeza hatari ya kuugua TB mara mbili hadi mbili na nusu. Mchimbaji huyu anabeba yote mawili, kisha anarudi kulala chumba kimoja na mke na watoto. Je, hili ni lake peke yake?

Basi tumsaidie hivi.

Kwanza, apange siku ya kuacha, na nyumba nzima iijue. Ramadhani ni fursa kubwa. Yule anayesema hawezi, hukaa saa 13 hivi bila sigara, siku baada ya siku. Tatizo huanza baada ya futari. Hapo asiachwe peke yake. Atoke na ndugu asiyevuta, waende pamoja Tarawehe.

Pili, mvumilieni. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi, na taabu hiyo hupungua ndani ya wiki chache. Hamu ikija hupita baada ya dakika chache. Anywe maji, atumie mswaki, atafune karanga. Akirudia, msimcheke. Kuteleza si kuanguka. Apange siku nyingine.

Tatu, hesabuni fedha. Anayetumia Sh 1,000 kwa siku anateketeza Sh 365,000 kwa mwaka. Fedha hiyo iwekwe mahali anapoiona, inunue unga na madaftari.

Nne, mwenye kikohozi cha wiki mbili aende zahanati. Kipimo na dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure. Hapo hapo amwambie mganga kwamba anavuta na anataka kuacha. Kuacha hakufuti makovu ya vumbi, lakini huyanusuru mapafu yaliyobaki.

Tano, usimtume mtoto dukani kununua sigara. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Unayemtuma leo ndiye mvutaji wa kesho.

Maimamu wetu wa misikiti ya machimboni, hotuba ya Ijumaa ikiisha, waiteni wanaotaka kuacha wakae pamoja, wajuane, wafuatane. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu wa kumuuliza mwenzake kila jioni: ndugu yangu, leo umeshindaje?

Allah (SW) awape nguvu wanaotaka kuacha, na atupe sisi subira ya kuwa nao. Amin.